Msichana wa miaka 6 na utepe: aanzie wapi jimnastiki ya midundo hapa Nairobi?

Swali: "Hujambo mwalimu. Mimi ni mkazi wa Donholm. Binti yangu ana miaka 6, yuko Gredi ya 1. Tangu awaone kwenye simu wasichana wanaocheza na utepe, kila kitu nyumbani kimegeuka utepe: leso zangu, mshipi wa sare yake ya shule, hata waya wa chaja. Anataka kufundishwa. Jirani ameniambia tumeshachelewa, eti wenzake wa Ulaya huanza wakiwa na miaka 3. Mamangu naye anasema nitamvunja mtoto mgongo. Uwezo wangu wa fedha ni wa kawaida, na sijui nitaijuaje klabu nzuri. Nianzie wapi?"

Sijambo dada, na asante kwa kuuliza kabla ya kulipa ada popote.

Nianze na la jirani, maana ndilo linalowafanya wazazi wengi wakimbilie mahali pasipofaa. Hamjachelewa. Katika mashindano ya kimataifa msichana huingia daraja la wakubwa mwaka anaotimiza miaka 16, na kabla ya hapo kuna daraja la vijana, la miaka 13 hadi 15. Binti yako ana miaka kumi mizima mbele yake, hata ikiwa siku moja atataka kufika huko. Ni kweli kwamba Bulgaria na Urusi, nchi ambazo zimetoa mabingwa wengi wa mchezo huu, watoto huanza wakiwa na miaka 4 au 5. Lakini darasa la umri huo, likiwa darasa zuri, ni la kuruka, kuviringisha mpira, kutembea kwa vidole na kufuata muziki. Mtoto anayecheza michezo ya bladaa na kati kwenye ploti amekwisha kuanza mazoezi hayo, ila tu hakuna aliyempa cheti.

La mama yako linahitaji jibu refu zaidi, kwa sababu hofu yake ina msingi. Nitalifikia.

Kwanza uujue mchezo wenyewe, maana ukiujua hutauziwa kitu kingine kwa jina lake. Jimnastiki ya midundo huchezwa kwa muziki juu ya zulia la mita 13 kwa 13, kifaa kikiwa mkononi. Vifaa ni vitano: kamba, pete, mpira, virungu viwili, na huo utepe uliomteka mwanao. Anayecheza peke yake hutumia sekunde 75 hadi 90. Timu ya watano hutumia dakika mbili na robo hadi mbili na nusu. Uliingia Olimpiki mwaka 1984 huko Los Angeles, na dhahabu ya kwanza ikaenda kwa Lori Fung wa Kanada. Timu zilianza kushindana Atlanta mwaka 1996. Waamuzi hutazama ugumu wa vitendo, usanii, na usafi wa utekelezaji. Kifaa kikianguka pointi hukatwa, na kadiri mchezaji anavyopiga hatua nyingi kukifuata ndivyo anavyozidi kukatwa. Kubinuka hewani bila mikono kugusa sakafu hakumo katika mchezo huu.

Hilo la mwisho ni muhimu kwako, kwa sababu mabango mengi ya jimnastiki utakayoyaona Nairobi ni ya aina nyingine: ile ya kuruka farasi, kuning'inia kwenye vyuma, kutembea juu ya boriti na kubinuka sakafuni. Mengine ni ya sarakasi, sanaa ambayo jiji hili linaijua vizuri. Pale Ngara, jumba lililokuwa sinema ya Shan sasa ni makao ya Sarakasi Trust. Makocha waliosomea midundo pekee ni wachache. Usivunjike moyo kwa hilo. Kwa mtoto wa miaka 6, mwaka wa kwanza na hata wa pili, anachohitaji mwili wake ni kilekile katika madarasa yote hayo: kusimama imara kwa mguu mmoja, kuruka na kutua bila kishindo, kunyoosha goti na vidole vya mguu, kujua mkono wake uko wapi bila kuutazama, na kuusikia mdundo. Darasa la baleti linafaa pia, na pengine ndilo lililo karibu zaidi na midundo. Utepe unaweza kuingia baadaye bila hasara yoyote.

Wapi sasa? Anza na Shirikisho la Jimnastiki la Kenya. Waulize klabu zilizosajiliwa kwao ni zipi na ipi ina darasa la watoto wadogo. Uliza pia ni nani anayefanya mazoezi Jumamosi katika ukumbi wa ndani wa Kasarani, ule uliojengwa kwa ajili ya Michezo ya Afrika ya mwaka 1987. Uliza shuleni kwake, kwa sababu jimnastiki imo katika mtaala wa CBC, na huenda kuna mwalimu mwenye ujuzi asiyejulikana na wazazi. Baadhi ya shule za kibinafsi hufungulia watoto wa nje kumbi zao wikendi. Kisha fungua ramani na uhesabu muda wa kufika. Kutoka Donholm hadi Kasarani unapanda Outering mpaka Allsops, halafu Thika Road. Jumamosi asubuhi safari hiyo inavumilika. Jumatano saa kumi na moja jioni, mtoto atafika amechoka, ataondoka amelala mapajani mwako ndani ya matatu, na baada ya mwezi mmoja utaacha kumpeleka. Ningechagua kocha wa kawaida mwenye moyo mzuri aliye Buruburu kuliko kocha hodari aliye Karen. Mara moja kwa wiki karibu na nyumbani, na akizoea mara mbili, saa moja kila mara, inamtosha kabisa mtoto wa umri huu. Madaktari wengi wa michezo hutumia kipimo hiki: saa za mazoezi rasmi kwa wiki zisizidi umri wa mtoto kwa miaka. Kwa mwanao huo ni ukomo wa saa sita, na kwa maoni yangu hata nusu yake ni nyingi kwa sasa.

Sasa nikae hapa, kwa sababu hapa ndipo mambo yote yanapoamuliwa: usilipe kabla hujalitazama darasa moja kutoka mwanzo hadi mwisho. Usitazame dakika kumi kisha ukaenda kunywa chai. Kaa mpaka mwisho, na usimpeleke mtoto siku hiyo, ili macho yako yawe huru.

Tazama jinsi linavyoanza. Watoto wanapaswa kukimbia, kuruka na kuchemsha mwili kabla ya kunyooshwa popote. Nairobi iko juu, na mwezi wa Juni na Julai kumbi zetu za saruji huwa baridi kama pango. Kocha anayejua kazi yake huongeza muda wa kuchangamsha mwili miezi hiyo, na hawaketishi watoto sakafuni wakisubiri zamu. Hesabu muda ambao mtoto mmoja anatumia kusimama foleni. Foleni ikimeza nusu ya somo, basi watoto ni wengi mno kwa kocha huyo, au hana mpango wa somo.

Tazama sakafu. Zulia la mashindano hulihitaji bado, lakini saruji tupu au vigae haviwafai watoto wanaoruka. Mbao zinafaa, mikeka ya povu iliyounganishwa vizuri inafaa. Tazama dari pia: pete na virungu hurushwa juu, na ukumbi wenye feni zinazoning'inia chini utamfanya kila mtoto aogope kurusha.

Kisha tazama wakati wa kunyoosha viungo. Watoto watapiga msamba, na hapo utamjua kocha. Kocha mzuri humwonyesha mtoto jinsi ya kushuka taratibu, anahakikisha nyonga zimetazama mbele, anambadilishia mguu wa kulia na wa kushoto kwa muda uleule, na anamwacha aishie pale anapoweza bado kupumua na kuzungumza. Kocha mbaya humkalia mtoto mgongoni, humkandamiza mabega, au humweka mguu mmoja juu ya kiti na kumsukuma huku akilia. Utaambiwa kwamba ndivyo mabingwa wanavyotengenezwa. Toka ukumbini, dada, na usirudi. Mtoto wa miaka 6 hana haja ya kusukumwa: viungo vyake bado ni vyepesi, na kwa mazoezi ya upole msamba huja wenyewe. Kunyooshwa kwa nguvu huchana misuli na kano, na zaidi ya hayo humfundisha mtoto kwamba mtu mzima ana haki ya kumuumiza na yeye anyamaze. Somo hilo hatalisahau hata akiacha mchezo.

Sikiliza maneno. Kocha anawaita watoto kwa majina yao? Anamwambia aliyekosea afanye nini, au anamwambia tu kwamba amekosea? Kuna anayetaja unene, tumbo, au mapaja? Mwaka 2022 nchini Italia, wasichana waliowahi kuchezea timu ya taifa ya midundo walijitokeza hadharani kueleza jinsi walivyokuwa wakipimwa uzito kila siku na kudhalilishwa kwa sababu ya miili yao. Hao walikuwa miongoni mwa walio bora duniani. Dunia ya jimnastiki imelazimika kujitazama upya kwa sababu ya visa kama hivyo katika nchi kadhaa, na tangu mwaka 2019 kuna taasisi huru ya maadili ya jimnastiki huko Lausanne, Uswisi, inayopokea malalamiko. Hapa kwetu una njia zilizo karibu zaidi. Sheria ya Michezo ya mwaka 2013 inataka mashirika ya michezo yasajiliwe kwa Msajili wa Michezo. Omba kuona cheti cha klabu. Omba pia kuona cheti cha tabia njema cha kocha kutoka DCI. Asiye na la kuficha hatakasirika. Uliza kama mzazi anaruhusiwa kukaa na kutazama siku yoyote, na jibu likiwa hapana, hapo pamekwisha. Uliza nani anawasaidia watoto kubadilisha nguo, nani anapiga picha, na picha hizo zinakwenda wapi. Na namba ya simu ya kuwasaidia watoto, 116, haitozwi chochote. Iandike mahali, ingawa naomba usiihitaji kamwe.

Elimu ya kocha nayo ina uzito wake. Shirikisho la kimataifa, FIG, huendesha kozi za makocha zenye ngazi tatu, na zipo mahususi kwa midundo. Mwulize amesoma nini na wapi. Lakini nikilazimika kuchagua kati ya mwenye vyeti anayefoka na mwalimu wa baleti mwenye subira asiye na cheti cha midundo, mtoto wangu wa miaka 6 ningempa huyo wa pili bila kusita.

Turudi kwa mama yako na mgongo. Mchezo huu hutaka mgongo upinde nyuma mara nyingi sana, na kwa wasichana wanaofanya mazoezi mengi, hasa katika miaka wanayorefuka haraka, kati ya 10 na 15, mfupa wa sehemu ya chini ya uti wa mgongo unaweza kupata ufa mdogo kwa kurudiarudia kupinda huko. Maumivu yake huwa ya kiunoni, huongezeka anapojipinda nyuma, na hupungua akipumzika. Daktari akiwahiwa, mtoto hupumzishwa na kwa kawaida hupona vizuri. Akilazimishwa kuendelea, jambo dogo hukua. Kwa hiyo mwambie bibi kwamba hatari anayoiogopa ipo, na kwamba inatokana na wingi wa mazoezi, haraka, na kupuuza maumivu. Darasa la saa moja au mbili kwa wiki halimfikishi mtoto huko. Kinga yake ni nguvu: misuli ya tumbo, makalio na mgongo ikiwa imara, mfupa haubebi peke yake. Ndiyo maana katika darasa zuri utawaona watoto wakijiinua, wakijishikilia kama ubao, wakitambaa kama dubu, kabla ya kuombwa daraja la mgongo, yaani kujipinda nyuma mpaka mikono ifike sakafuni. Na watoto walio wepesi mno wa viungo, wale ambao viwiko na magoti yao hupinda kupita kawaida, ndio wanaohitaji nguvu zaidi kuliko wenzao, ingawa makocha wengi huwapongeza tu na kuwapinda zaidi. Mtazame mwanao anaposimama: magoti yakirudi nyuma kama upinde, mwambie kocha mapema.

Uchovu wa misuli siku moja au mbili baada ya darasa ni wa kawaida. Maumivu yanayodumu zaidi ya wiki mbili, yanayomwamsha usiku, yanayomfanya achechemee, au yanayokaa mahali pamoja juu ya mfupa, hayo ni ya daktari. Baadaye, akifika miaka 8 au 9, anaweza kulalamika kisigino kinapouma baada ya kuruka. Mara nyingi huwa ni sehemu ya mfupa inayokua ikivutwa na kano, na dawa yake ni kupunguza kuruka kwa muda.

Utasikia pia kwamba jimnastiki hudumaza mtoto. Wachezaji wa juu wa midundo huwa warefu na wembamba, kwa hiyo dhana hiyo haiendani na wanaoonekana uwanjani. Kinachochelewesha ukuaji na balehe ni kufanya mazoezi mengi huku mtoto anakula kidogo. Ugali, maharagwe, sukuma, mayai, maziwa, omena kwa wanaoipenda, ndizi kabla ya mazoezi: hicho ndicho chakula cha mwanajimnastiki. Usikubali mtu yeyote ampangie lishe ya kupungua, na hata wewe usimtajie uzito wake mbele ya kioo. Watoto wa mchezo huu hulisikia neno moja la mama kwa miaka mingi.

Kuna swali ambalo hukuliandika, lakini akina mama hunivuta kando kuniuliza: je, msamba utaharibu ubikira wa mtoto? Nijibu waziwazi. Utando huo hutofautiana toka kuzaliwa kutoka msichana mmoja hadi mwingine, hunyumbuka, na hali yake haiwezi kumwambia mtu yeyote, daktari akiwemo, kama msichana amewahi kujamiiana. Mwaka 2018 Shirika la Afya Duniani pamoja na vyombo vingine vya Umoja wa Mataifa lilitaka upimaji wa bikira ukomeshwe kila mahali kwa sababu hauna msingi wowote wa kitabibu. Mwanao apige msamba kwa amani. Na kuhusu mavazi, ikiwa familia yenu ingependa afunikwe zaidi, kanuni za mchezo zinaruhusu vazi la kubana linalofika kwenye kifundo cha mguu. Hilo lisiwazuie wasichana wa Eastleigh au South C kuingia ukumbini.

Fedha sasa. Siwezi kukutajia bei kwa sababu kila klabu ina yake, lakini najua mahali ambapo wazazi hushtukizwa. Uliza kama ada ni ya mwezi au ya muhula, na kama unalipia likizo za Aprili na Agosti wakati hakuna darasa. Uliza kama kuna ada ya usajili wa kila mwaka, na kama sare ya klabu ni ya lazima kuanzia siku ya kwanza. Uliza mtoto akiteguka nani anagharamia hospitali, na uhakikishe jina lake limo katika bima yako ya afya ya SHA. Omba kulipia mwezi mmoja wa majaribio. Klabu inayong'ang'ania mwaka mzima mbele kwa mtoto ambaye haijawahi kumwona inajali mfuko wako.

Mavazi ya kuanzia: taitsi na fulana inayokaa mwilini, au vazi la kuogelea la mtumba kutoka Gikomba juu ya taitsi. Fulana pana humfunika kocha macho asione kama nyonga zimenyooka. Nywele zifungwe zisimguse usoni. Miguu iwe peku. Vile viatu vidogo vinavyofunika vidole tu vinunuliwe atakapoanza kuzunguka kwa mguu mmoja, na kocha atakuambia.

Vifaa nivipange kwa mpangilio ninaouamini. Mpira kwanza. Wa mashindano ya wakubwa una kipenyo cha sentimita 18 hadi 20 na uzito wa angalau gramu 400. Wa mwanao uwe mdogo zaidi, sentimita 15 au 16, na mpira wa plastiki wa sokoni unatosha. Mfundishe jambo moja: mpira haushikwi kwa kucha wala kubanwa kwenye kifundo cha mkono, unakaa tu juu ya kiganja kilicho wazi. Aubingirishe kutoka kwenye vidole hadi begani na kurudi. Ataudondosha mara nyingi, na kila mara anauokota mwenyewe.

Kisha kamba. Asimame katikati yake kwa miguu miwili, na ncha zifike kwapani. Huo ndio urefu wake. Kuruka kamba kwa mdundo wa muziki ni zoezi bora kuliko nusu ya vitu vinavyouzwa kwa jina la jimnastiki. Tena ni la bei ya chini.

Pete ya wakubwa ina kipenyo cha sentimita 80 hadi 90. Ya mtoto ikisimama kando yake ifike kiunoni, na fundi bomba yeyote anaweza kukukatia kipande cha bomba jembamba la plastiki na kukiunganisha. Virungu viache kabisa kwa sasa, vinahitaji kifundo cha mkono kilichokomaa.

Na utepe. Najua ndio uliomleta, na sitaki umnyime. Ila wa wakubwa una urefu wa mita 6 na wa vijana mita 5, na mkono wa mtoto wa miaka 6 hauwezi kuuendesha wote usijifunge mafundo. Mtengenezee wake: kitambaa cha satini chenye upana wa sentimita 4 hadi 6 na urefu wa mita 3, fimbo laini ya sentimita 50, na kati ya fimbo na kitambaa kile kichuma kinachozunguka ambacho hutoka kwenye kishikio cha funguo, ili kitambaa kisijisokote. Kiambatishe kwa uzi imara, na ncha ya fimbo isuguliwe kwa msasa. Michoro ya kwanza ni miwili: nyoka, ambapo mkono unapanda na kushuka haraka kwa kifundo, na mizunguko midogo inayofuatana. Utepe wote lazima usogee, mpaka ncha. Ukisimama, unadondoka. Nje uani upepo utamshinda, na sebuleni atavunja vikombe, kwa hiyo sogeza meza, au mpeleke ukumbi wa kanisa mchana wakati hakuna mtu. Dakika tano baada ya mpira na kamba, kama zawadi. Abadilishe mikono: mkono wa kushoto ukipuuzwa akiwa na miaka 6, akifika 12 atautafuta kwa machozi.

Nyumbani hutahitaji zaidi ya dakika kumi na tano kwa siku, na zisiwe kila siku. Asimame kwa mguu mmoja anapopiga mswaki, asubuhi wa kulia, jioni wa kushoto. Atembee kwa vidole kutoka jikoni hadi mlangoni huku magoti yamenyooka. Wekeni muziki mnaoupenda, rumba au benga au taarabu, na apige makofi kwenye mdundo, kisha atembee nao, kisha asimame ghafla unapouzima. Huu ni mchezo wa muziki kabla ya kuwa wa viungo, na sikio la mtoto hufunguka mapema kuliko nyonga zake. Msamba afanye tu akiwa na joto mwilini, sekunde 20 au 30 kila upande, na mkono wako usimguse. Daraja la mgongo liache kwa kocha. Na umwache aendelee na bladaa, aogelee, apande miti kwa bibi. Mtoto anayefungiwa mchezo mmoja mapema huumia zaidi, na huuchoka mapema.

Mashindano yasubiri mpaka miaka 8 au 9, na hata hapo yaanze na maonyesho ya klabu mbele ya wazazi. Atakapokuwa tayari utamjua: ataanza kurudia kitendo kimoja bila kuambiwa, kwa sababu yeye mwenyewe hakuridhika nacho.

Siku itafika atakayosema hataki kwenda. Wanajimnastiki wote husema hivyo. Usiamue siku hiyohiyo, na usimkumbushe ada uliyolipa. Patana naye amalize muhula, kisha mkiwa wawili tu, pengine mkiosha vyombo, muulize nini kinachomchosha. Akisema ni safari, badilisha siku au klabu. Akisema anataka kucheza mpira wa miguu na wenzake, mruhusu. Lakini akimtaja kocha, au akinyamaza ghafla unapomtaja wewe, usingoje muhula uishe.